Mwani mezani: tasi anaujua, sisi bado

Mvuvi wa dema anajua jambo ambalo wapishi wengi wa pwani hawajalipa uzito: ukimtaka tasi, tia mwani mtegoni. Tasi, ambaye Lamu na Mombasa wanamwita tafi, huingia demani kwa uroho wa majani, nasi tukamwingiza yeye kwenye mchuzi wa nazi. Wakulima wa mwani wa Unguja wanamlaani samaki huyohuyo kwa kuwatafunia mashamba. Kwa hiyo swali la kama mwani unalika, tasi kashalijibu zamani. Lililobaki ni la binadamu, na hapo ndipo wanapovutana.

Wapo wanaosema lishe ya bure imelala ufukweni. Akina mama huikanyaga kila bamvua wakienda kutafuta kombe na pweza, kisha wakirudi wanatoa pesa kununua mchicha uliotoka bara. Wajapani wanakula mwani, Wakorea wanakula, wanaishi miaka mingi, sisi tumelala. Wengine wanajibu kwamba wazee wetu hawakuwa wajinga. Wameishi na bahari hii karne nyingi, wakala chaza, kombe, pweza, hata kasa, na mwani wakauacha. Mtu haachi chakula cha bure bila sababu.

Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba kila upande unasema "mwani" kana kwamba ni kitu kimoja. Mwani ni neno la kundi zima, kama "majani". Mchicha ni majani, na mnanaha wenye sumu nao ni majani, lakini hakuna anayekuambia ukale mnanaha kwa sababu mchicha una madini ya chuma.

Tuanze na ule wa kwetu. Mwani ulisafirishwa kutoka visiwani kabla haujapandwa. Katikati ya karne iliyopita watu waliokota mwani pori ulioota wenyewe, wakaukausha na kuwauzia wafanyabiashara walioupakia melini. Kufika miaka ya 1970 biashara hiyo ilikuwa imedhoofika, na moja ya sababu ni kwamba ulichumwa haraka kuliko ulivyoota. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya utafiti wa miaka mingi akieleza kwamba unaweza kupandwa, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Leo Zanzibar ina wakulima zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake. Upande wa Kenya, akina mama wa Kibuyuni kule Kwale nao wameingia shambani.

Mwani huo unaondoka ukiwa mkavu, ndani ya viroba, kwenda viwandani ng'ambo. Huko hukamuliwa karajinani, kitu kinachofanya aiskrimu isigande kama barafu tupu na dawa ya meno isitiririke. Huenda asubuhi ya leo umepiga mswaki kwa jasho la Jambiani bila kujua. Hili ndilo linaloeleza kwa nini hatuuli, kuliko hekima yoyote ya wazee: mwani ulitujia kama bidhaa ya melini. Aliyeuleta hakuja na sufuria. Alikuja na mizani.

Ajabu ni kwamba kule ulikotoka, unaliwa. Katika visiwa vya Visayas nchini Ufilipino mwani wa jamii hii hii tunayoifunga kwenye kamba unaitwa guso. Wanauosha, wanaupitisha kwenye maji ya moto kwa muda mfupi tu, kwa maana ukichemshwa sana unageuka rojo, halafu wanaukata na kuuchanganya na siki, kitunguu, nyanya na tangawizi. Weka ndimu badala ya siki, ongeza pilipili na embe bichi, umepata kachumbari ambayo hakuna Mpemba atakayeishangaa isipokuwa kwa jinsi inavyolia mdomoni. Tulipokea mbegu, tukapokea kamba na vijiti, upishi ukabaki kwao.

Hata huko Ulaya mwani haukuwa chakula cha matajiri. Wa-Ireland wa pwani walitafuna duileasc, mwani mwekundu wanaouchuma kwa mkono miambani na kuukausha juani. Watu wa Wales huchemsha aina nyingine kwa saa nyingi mpaka iwe uji mweusi. Nchini Chile kuna cochayuyo, mwani mnene unaouzwa umefungwa mafungu mafungu kama kuni, na kwa muda mrefu ulihesabiwa chakula cha maskini. Mwani ni mboga ya watu wasio na nafasi ya kuchagua, ambao baada ya vizazi vingi wakajua upi uchumwe, mwezi gani, mwamba upi. Ujuzi huo sisi hatuna, na nitaurudia hapa chini kwa sababu ndio kiini cha shauri langu.

Sasa lishe yenyewe. Watetezi wa mwani hupenda kusema una protini nyingi kuliko nyama. Sentensi hiyo ina ukweli mdogo uliovaa kanzu kubwa. Nori, ile karatasi nyeusi ya Kijapani inayozungushiwa wali, kweli ikikauka theluthi ya uzito wake au zaidi huwa protini. Lakini karatasi moja ina uzito wa gramu 3 hivi. Hesabu: unapata gramu moja ya protini, wakati yai moja lina kama 6. Mwani wetu wa Paje ndio kabisa, protini yake ni kidogo hata ukiwa mkavu, na ukiwa mbichi karibu asilimia 90 ni maji. Sahani nzima ya kachumbari ya mwani itakupa kama nusu gramu. Konzi ya dagaa wakavu inaishinda mara nyingi sana. Anayewaambia akina mama wauze dagaa ili watoto wale mwani anawadanganya.

Kile mwani ulichonacho kweli ni nyuzinyuzi, tena nyingi, pamoja na kalisi, magnesi na madini mengine yanayofyonzwa kutoka maji ya bahari. Kwa watu wa mjini wanaokula ugali wa sembe, chapati na chipsi, nyuzinyuzi si jambo dogo. Hata hivyo matumbo yetu huenda yasiupokee kama ya wenzetu. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walieleza kwamba bakteria wa tumboni mwa Wajapani wana vimeng'enya vya kuvunja wanga wa nori, ambavyo bakteria hao walivirithi kwa bakteria wa baharini. Yaani kula mwani kwa vizazi kumebadilisha hata wapangaji wa tumbo. Kwetu sisi, sehemu kubwa ya mwani itapita tu ikifagia njia. Kufagia nako ni kazi.

Lakini mzozo wenyewe uko kwenye madini joto.

Kila mtu aliyesoma darasa la sita anajua: rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni, ni ugonjwa wa watu wa milimani ambako udongo umechujwa madini joto na mvua. Watu wa bahari wamesalimika. Imani hiyo ilikuwa na nguvu hata kwa wakubwa. Kisha utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ukapima watoto wa shule wa Zanzibar. Pemba, kisiwa kilichozungukwa na maji ya chumvi pande zote, karibu theluthi ya watoto waliopimwa walikuwa na uvimbe wa tezi. Unguja walikuwa karibu mmoja kati ya watano. Na nyumba zilizokuwa na chumvi yenye madini joto Pemba zilikuwa chache kiasi cha kuhesabika kwa vidole, wakati Unguja zilikuwa zaidi ya nusu. Kukaa kando ya bahari, basi, hakukutosha. Kula samaki pia hakukutosha. Chumvi ya kuchemshwa au kuanikwa kienyeji kutoka maji ya bahari haikai na madini joto ya kumtosha mtu.

Ukisoma hapo tu, utasema haya, mwani ndio jibu, kwa sababu hakuna mmea wala samaki unaokusanya madini joto kama mwani. Ndivyo wanavyosema wauzaji wengi. Ila geuza ukurasa uende Hokkaido, kaskazini ya Japani. Huko madaktari wa miaka ya 1960 waliandika juu ya wavuvi wa pwani waliokuwa na rovu pia, na hao sababu yao ilikuwa kinyume kabisa: walikula mwani mwingi mno. Tezi hiyo ni kama jiko la mafuta ya taa, huzima kwa kukosa mafuta na huzima kwa kufurikwa.

Tarakimu zinaeleza kwa nini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Wataalamu wa Umoja wa Ulaya wameweka kikomo cha mikrogramu 600. Gramu moja tu ya kombu kavu, mwani wa kahawia unaotiwa kwenye supu ya Kijapani, inaweza kuwa na zaidi ya 1,000, wakati mwingine maradufu. Gramu moja ya nori ina chache, makumi tu. Mwani mwekundu tunaolima sisi nao kwa kawaida uko mbali sana na kombu. Na Mjapani mwenyewe kwa kawaida hali kombu kama mchicha. Mara nyingi huichemshia supu, akaitoa. Neno "mwani una madini joto" halikuambii chochote mpaka uambiwe mwani gani, kiasi gani, umelowekwa au la.

Kwa hiyo kwa mtoto wa Pemba jibu limebaki lile la zamani lisilo na mvuto: chumvi yenye madini joto, yenye kipimo kimoja kila pakiti. Mwani hauna kipimo. Leo unakupa kidogo, kesho kutoka mwamba mwingine unakupa mara kumi. Wanaotaka kuufanya mwani badala ya chumvi hiyo nadhani wanakosea, na kwa mjamzito kosa hilo si dogo.

Turudi kwenye mwani pori, ule wa bure. Hapa ninaegemea upande wa wenye wasiwasi, ingawa sababu zao na zangu ni tofauti. Wao wanasema si chakula cha kwetu. Mimi nasema hatuna mwalimu.

Aprili 1991 kule Guam, kisiwa cha Pasifiki ambako watu wamezoea kuchuma mwani, familia kadhaa zilichuma mwani mwekundu wa jamii ya Gracilaria, aina iliyokuwa ikiliwa siku zote. Watu 13 waliugua, 3 wakafa. Mwani uleule, mahali palepale, kwa msimu huo ulikuwa na sumu. Ufilipino nako visa vya namna hiyo vimetokea baadaye. Ni nadra, tusimtishe mtu bure. Mamilioni wanakula Gracilaria bila madhara. Lakini hao ni watu wenye mazoea ya vizazi. Jamii ya Gracilaria ipo na kwetu pia, na hakuna bibi wa Makunduchi wala Wete wa kukuambia mwezi gani uiache.

Kisha kuna mwani wa kahawia unaotupwa pwani kwa malundo wakati wa pepo kali, wa jamii ya sagasamu. Mtu aliyeona kwenye simu kwamba Wajapani wanakula hijiki, ambayo ni ndugu wa huo, anaweza kufikiri ameokota hazina. Hijiki yenyewe hukusanya aseniki ya aina mbaya, na tangu mwaka 2004 mamlaka ya chakula ya Uingereza imewashauri watu wasiile kabisa. Lundo la ufukweni liachieni bustani, tena likoshwe chumvi kwanza.

Na ule wa kijani, mwembamba kama karatasi ya plastiki, ambao kwa macho ndio unaofanana zaidi na mboga? Huo unalika, na nchi nyingi unaliwa. Ila una tabia moja ya kuudhi: unapenda mbolea. Penye mfereji wa maji machafu unaomwaga baharini ndipo unapositawi, mbichi, wa kijani cha kung'aa, kama umepandwa. Karibu na Mji Mkongwe, kwenye mlango wa Mto Msimbazi, kwenye vijito vinavyozunguka kisiwa cha Mombasa, uzuri wa mwani huo uwe onyo. Anayechuma kwa kuangalia upi umenawiri atachuma mbaya zaidi.

Lipo na jingine, ambalo wapenda mazingira wanalijua: kile kilichotokea kabla ya miaka ya 1970. Kitu cha bure kikipata soko, hakidumu kuwa cha bure. Vichaka vya mwani ndimo wanamojificha samaki wachanga na kaa wadogo. Mama mmoja akichuma konzi mbili haharibu kitu. Lori likija kuchukua magunia, ni hadithi nyingine.

Hapa lazima niseme neno juu ya mwani wa chupa. Siku hizi mwani haujapata nafasi jikoni lakini umepata nafasi tele kwenye kabati la dawa: unga, jeli, vidonge, kwa ajili ya hedhi, uzazi, ngozi, sukari, na bila shaka nguvu za kiume, maana bila hiyo hakuna dawa inayouzika. Tangazo linalorudiwa zaidi, kutoka Marekani hadi kwenye simu zetu, linasema mwani una madini 92 kati ya 102 ambayo mwili unahitaji. Mwili hauhitaji madini 102, wala nusu yake. Na kama kweli ungeyala yote 92 kwa mpangilio wa jedwali la elementi, ya 92 ni uraniamu, na njiani ungekuwa umeshapita aseniki, zebaki na risasi. Kinachosikitisha ni kwamba sehemu ya jeli hiyo inayouzwa huko kwa bei ya manukato ni mwani wa jamii hii hii tunayolima, unaotoka kwetu kwa bei ya kutupa. Kwa miaka mingi kilo moja kavu ya spinosamu, aina inayolimwa zaidi, haikufika shilingi 1,000 mkononi mwa mkulima.

Ukiondoa mwani pori usio na mwalimu na mwani wa chupa usio na haya, unabaki na wa kamba: unajulikana ni aina gani, umeota maji gani, nani kaufunga na lini. Ukiniuliza, tungeanzia hapo. Mtaalamu wa mwani Flower Msuya, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, amekuwa akisema kwa miaka mingi kwamba wakulima wasiishie kuuza mali ghafi. Sabuni ilishika kasi. Chakula kimejaribiwa pia, juisi, achari, biskuti, hata kwenye pilau, lakini naona kimeelekezwa zaidi kwenye maonyesho na kwa wageni kuliko kwenye sinia la nyumbani. Nadhani kosa ni kuficha mwani ndani ya biskuti. Unachoficha ni kitu unachokionea aibu. Mboga haifichwi.

Upo ugumu ambao wapenda mwani huuruka. Mwani wa kiwandani huanikwa popote, mara nyingine juu ya mchanga, mbuzi wakipita, kwa sababu kiwanda kitauosha kwa kemikali. Wa kula lazima uanikwe juu ya uchanja, ukoshwe mchanga na chumvi mara mbili au tatu, la sivyo mwenye presha atakuwa amekula chumvi kwa jina la lishe. Mwenye ugonjwa wa tezi au wa figo amuulize daktari kwanza. Na bahari yenyewe inapata joto: kotonii, aina inayolipa zaidi, imekuwa ikiugua na kufa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kiasi kwamba wanawake wengine wamelazimika kufuata maji ya kina ambako hawakuzoea kuogelea. Kumwongezea mkulima huyo mzigo wa kutulisha sisi bila kumwongezea kipato ni dhuluma.

Lakini kipato kinaweza kuwepo, na hesabu yake haihitaji kompyuta. Kilo moja kavu inatoka kwenye kilo 7 mbichi au zaidi. Kilo hizo 7, badala ya kuanikwa siku kadhaa kwa shilingi zisizofika 1,000, tuseme zipangwe mafungu ya robo kilo, kila fungu shilingi 200, bei ya chini ya mchicha wa mjini. Ni mafungu 28, shilingi 5,600. Toa nauli ya daladala, toa ushuru wa meza, toa yale yatakayododa, bado amepata mara kadhaa. Hatauza shamba lote hivyo, na hapaswi. Kiroba kimoja kwa wiki kinatosha kuanzia.

Mpaka wake ni umbali. Mwani mbichi ukitoka majini haukai. Ukiachwa juani unalegea na kunuka, ukiwekwa kivulini umefunikwa kitambaa kilicholowa maji ya bahari unavumilia hadi kesho. Kwa hiyo ni mboga ya Unguja, Pemba, Tanga, Kwale. Dodoma na Nairobi zitabaki na mkavu, na hao wana mchicha wao. Mpaka sasa sijauona umepangwa fungu sokoni pembeni ya matembele. Niliwahi kumuuliza muuza mboga mmoja kwa nini. Akacheka, akaniambia hajawahi kuletewa, na kama ningeleta mimi angeuweka karibu na ndimu.